Chanuo la Zimwi: Kukitambua Kifaa cha Kale Kutoka Mnadani Kaplong

Neno mnada limetokana na kitenzi nadi, na nadi tumeipata kutoka kwa Waarabu, ambao kwao maana yake ni kuita kwa sauti. Dalali, ambaye jina lake pia lina asili iyo hiyo, ni mtu anayelipwa kwa kuita. Hukiinua kitu mbele ya kaumu, akakitaja kwa jina lake, kisha akataja bei. Swali linalotushughulisha katika makala haya linazuka pale ambapo dalali anakiinua kitu asichokijua jina. Atakinadi vipi?

Njia aitumiayo ni rahisi: hukitupa katika fungu. Ndivyo ilivyokuwa kwa kifaa tunachokijadili hapa, kilichouzwa pamoja na minyororo, fremu ya kitanda na nusu ya plau katika mnada wa vitu vya shamba karibu na Kaplong. Fungu zima lilinadiwa kwa jina moja tu la vyuma. Aliyelinunua ni fundi wa kuchomelea, naye aliutaka mnyororo. Kifaa chenyewe alikiuza kwa mwandishi wa makala haya kwa shilingi 400, bei ya uzani wala si bei ya historia.

Kwa msomaji asiyeifahamu sehemu hii, Kaplong ni kituo cha biashara kilicho karibu na Sotik katika Kaunti ya Bomet, mahali ambapo barabara itokayo Narok na Bomet hukutana na ile itokayo Kericho kwenda Kisii. Wengi wanaijua kwa hospitali na shule zake za misheni ya Kikatoliki. Ukielekea kaskazini utapita Kapkatet na Litein, na chai itakusindikiza hadi Kericho. Ni rahisi kuamini kwamba chai ilikuwapo hapa tangu milima ilipoumbwa. Kifaa hiki kinakanusha.

Kifaa Chenyewe

Ni pau nene la chuma, urefu wake takriban sentimita 35, lenye tundu la bolti katika kila ncha. Juu ya pau hilo yamesimama meno 11 yaliyopangwa katika mstari mmoja. Kila jino ni ufito wa chuma wenye pande nne sawa, unene wake nusu inchi kamili, na urefu wake karibu sentimita 45. Mawili yamevunjika. Uzito wa kifaa kizima ni kilo 10 hivi. Hakina mpini wala tundu la kutilia mpini, wala hakina jina la kiwanda, namba au nembo. Alama za nyundo zinaonekana kwenye shina la meno, jambo linaloashiria kwamba kilifuliwa na mhunzi.

Waliokuwapo mnadani hawakukosa la kusema. Dalali alibahatisha kwamba ni reki ya trekta. Mama mmoja muuza mboga alisema ni chuma cha dirisha la stoo, cha kuwazuia wezi. Mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya wazungu, alitikisa kichwa na kusema kwamba lililo hapo ni chanuo, ila hajapata kumwona mwenye nywele za kulitosha. Kijana aliyekuwa kando yake akalibatiza papo hapo: chanuo la zimwi. Watu wakacheka, na fungu likauzwa.

Sisi wanafunzi wa fasihi tungeweza kuridhika na jina hilo. Hata hivyo, mzee yule alikuwa ameukaribia ukweli kuliko sote, na inafaa tueleze kwa nini.

Kukihoji Chuma

Anayetafuta utambuzi wa kifaa kisicho na jina huvutwa kwanza na umbo lake kwa ujumla, akauliza: kinafanana na nini? Swali hili hupotosha. Kifaa chenye meno kinafanana na reki, haro, kitana, mtego na wavu wa dirisha, na kufanana huko hakuthibitishi lolote. Swali lenye manufaa ni hili: kimelika wapi? Chuma hakisahau mahali kilipoguswa. Jembe huisha ncha, tezo huisha makali, na kinu huchimbika katikati. Kwa hivyo, mahali palipolika ndipo palipofanyiwa kazi, na namna palivyolika hutueleza aina ya kazi.

Tulianze na dai la reki. Reki hukwaruza ardhi, kwa hivyo ncha za meno yake ndizo zinazolika, tena kwa upande mmoja zaidi, ule unaotazama mvutaji. Haro nayo hulika ncha. Katika kifaa chetu ncha za meno bado ni nzima, zimechongoka vile vile alivyozichonga mhunzi, na kilichozila ni kutu tu. Palipolika ni chini na katikati ya meno, ambapo pembe za kila ufito zimepoteza ukali na kuwa mviringo. La kushangaza zaidi ni kwamba zimelika pande zote mbili kwa kiasi sawa, mbele na nyuma. Kitu fulani kilipitishwa kati ya meno haya mara elfu nyingi, na kilivutwa kutoka pande mbili.

Hoja ya dirisha inaanguka yenyewe, kwani hakuna anayepitisha kitu dirishani kwa namna hiyo.

Jambo la pili ni jinsi meno yalivyosimikwa. Ufito wa pande nne una nyuso nne na pembe nne. Fundi wa kawaida angeusimika uso ukitazama mbele, kwa sababu ni rahisi kuupima na kuufunga. Huyu aliusimika kila mmoja kwa mshazari, pembe ndiyo inayotazama mbele. Hakufanya hivyo kwa bahati mbaya, kwa kuwa yote 11 yamekaa hivyo hivyo. Pembe inayotazama mbele hukigawa kinachokuja. Uso bapa ungekizuia na kukivunja. Yaani aliyekiagiza kifaa hiki alitaka kitu kipenye bila kuvunjika.

Jambo la tatu ni nafasi baina ya meno. Huku chini ni finyu mno, chini kidogo ya milimita 5, na penseli haipiti. Kule juu nafasi hupanuka hadi nusu inchi, kwa kuwa meno huanza kuchongoka karibu sentimita 8 kutoka nchani. Kwa hiyo kilichokuwa kikichanwa kiliingizwa kwa juu palipo wazi, kikashushwa, kisha kikavutwa kupitia chini palipobana. Chembamba kilipita. Kinene kilikwama na kung'oka.

Ni mmea gani wenye bua jembamba la kupita katika nafasi ya milimita 5, na wenye tunda kichwani lililo nene kuliko nafasi hiyo? Wimbi halifai, kwani Wakipsigis, kama majirani zao, hukata masuke yake kwa kisu. Mahindi hayafikiriki. Mkonge huparwa kwa mashine, na hauna mbegu zinazotolewa kwa njia hii. Pareto ilivunwa kwa vidole. Manyoya ya kondoo huchanwa kwa vibao vyenye sindano nyembamba za waya. Unabaki mmea mmoja ambao bua lake halizidi unene wa njiti ya kiberiti kwa mengi, na ambao vitumba vyake vya mbegu hulingana na punje ya njegere ndogo. Mmea huo ni kitani.

Kumbukumbu za kilimo cha kitani huko Ireland katika karne ya 19 zinakieleza chombo cha aina hii kwa vipimo: fito za chuma za nusu inchi, zenye pande nne, zilizosimikwa pembe zikimwelekea mfanyakazi, urefu wa inchi 18, nafasi ya sehemu tatu za kumi na sita za inchi kwa chini na nusu inchi kwa juu. Badilisha inchi 18 kuwa sentimita, utapata 45 na nukta saba. Urefu huo ulikusudiwa: fito ndefu hunesa kidogo zinapovutwa, na kunesa huko huokoa mabua yasikatike. Chombo kilifungwa kwa bolti katikati ya ubao mrefu uliowekwa juu ya viti viwili, na watu wawili wakaketi kwa kuupanda ubao huo kama farasi, mmoja huku na mwenzake kule, wakitazamana. Huyu alipiga konzi yake ya kitani juu ya meno na kuivuta, kisha yule akapiga yake, kwa zamu. Hapo ndipo tunapopata jibu la pande mbili zilizolika kwa kiasi sawa.

Mzee wa mnadani, basi, alisema kweli. Ni chanuo. Nywele ndizo alizozikosa.

Kitani katika Nchi ya Chai

Kitani kilifikaje hapa? Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imeharibu biashara ya zao hili. Sehemu kubwa ya kitani cha Ulaya ilitoka Urusi, na vita pamoja na mapinduzi ya mwaka 1917 vilikata njia hiyo wakati ule ule ambapo nguo ya kitani ilihitajika kwa kufunika mabawa ya ndege za vita. Bei ikapanda kupita kiasi. Walowezi wa Kenya wakalikimbilia zao hilo.

Mwaka 1919 kilianzishwa huko Kericho kikundi cha maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa na vita, kilichojulikana kwa kifupi cha BEADOC. Kilipewa ekari 25,000 zilizokatwa kutoka ardhi ya Wakipsigis, watu ambao utawala wa wakati huo uliwaita Walumbwa. (Stesheni ya Lumbwa ndiyo iitwayo Kipkelion leo.) Kusudi kuu lilikuwa kulima kitani. Mtu aliyepoteza mguu Ufaransa aliambiwa kwamba angeweza kuishi kwa zao hili, ingawa ni miongoni mwa mazao yanayodai mikono mingi mno, na mikono hiyo, bila shaka, haikuwa yake.

Hebu tutazame kazi yenyewe. Kitani hakikatwi, hung'olewa na mizizi yake, konzi baada ya konzi, ili nyuzi ziwe ndefu. Huanikwa. Kisha hupukuswa mbegu kwa chombo tulichonacho. Mabua hulowekwa bwawani au hutandazwa umandeni siku kadhaa hadi gundi inayoshika nyuzi ioze, na harufu yake si ya kusimuliwa. Halafu hukaushwa tena, huvunjwavunjwa, hupigwa ili makapi yatoke, na mwishowe nyuzi huchanwa. Hatua hii ya mwisho ina kitana chake, chenye meno ya mviringo, mafupi, makali kama sindano, yaliyopigiliwa juu ya ubao. Ni vyema visichanganywe: cha mwanzo hutoa mbegu, cha mwisho husafisha nyuzi. Cha mwisho kilihusiana zaidi na viwanda vya kusokota, ilhali cha mwanzo kilikuwa cha shambani, na kwa sababu hiyo ndicho tunachotarajia kukikuta Kenya.

Mafanikio hayakudumu. Bei ya kitani iliporomoka kati ya mwaka 1920 na 1921. Katika kipindi hicho hicho serikali ya kikoloni ilibadilisha thamani ya rupia kuwa shilingi mbili za Uingereza, na madeni ya walowezi yakavimba kwa siku moja. Kikundi cha maafisa kikafilisika. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia Kericho, na chai ikapandwa palipokusudiwa kitani. Ardhi haikuwarudia wenyewe. Tangu hapo mashamba yamebadilisha mikono: Unilever iliinunua Brooke Bond mwaka 1984, kisha ikaiuza biashara yake kubwa ya chai mwaka 2022. Mwaka huo huo wawakilishi wa Watalai na Wakipsigis waliyapeleka malalamiko yao kuhusu ardhi hizi mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Pengine msomaji atasema kwamba Kericho si Kaplong. Ni kweli, na kati yao pana mwendo wa saa moja kwa gari. Hata hivyo, Sotik nayo ilikuwa na mashamba ya walowezi, na vyuma vya shamba lililofilisika huuzwa kwa jirani, naye humuuzia jirani yake. Kifaa hiki kimenadiwa zaidi ya mara moja, sina shaka.

Ninalotaka kulisisitiza ni kwamba hadithi ya chai imesimuliwa mno. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi anaijua. Kitani kilidumu miaka michache tu, hakikuacha mti wala kiwanda wala jina la kijiji tunaloweza kulionyesha watalii, lakini ndicho kilichotumiwa kuhalalisha kukatwa kwa ekari 25,000. Chuma cha kilo 10 ni miongoni mwa masalio machache ya kazi iliyofanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa na yeyote.

Sheria Yasemaje

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Chanuo letu linakosa sifa hiyo kwa takriban robo karne. Ipo nafasi ya waziri kukitangaza kitu kuwa kinalindwa, lakini ni nani atakayemwendea waziri na kitu kisicho na jina? Kwa sasa, kinachokihusu kifaa cha namna hii kwa karibu zaidi ni biashara ya vyuma vikuukuu, ambayo ina sheria yake ya mwaka 2015. Biashara hiyo ilipigwa marufuku Januari 2022 kwa ajili ya kulinda nyaya za umeme na reli, ikarejeshwa Mei mwaka huo. Kilichoyeyushwa kabla na baada ya miezi hiyo ni kingi.

Upande wa pili wa sarafu hii unajulikana. Mradi mmoja ulioyashirikisha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za ng'ambo. Tuchukulie kwamba miongoni mwa vitu vya aina hiyo mna kijiti cha mtende kilichopondwa ncha hadi kikawa kama brashi. Mgeni ataandika kuwa ni brashi, basi. Mkipsigis yeyote atamwambia kuwa ni sosiot, ya kusafishia sotet, yaani kibuyu cha mursik, kabla ya kutiwa unga wa mkaa wa senetwet. Neno moja tu linaleta maziwa, moshi na mikono ya nyanya. Kwao sisi ni mafumbo, na chanuo la kitani ni fumbo lao lililobaki kwetu.

Suala la Jina

Hapa ndipo wasomaji wa jarida hili wanapohusika moja kwa moja. Kamusi zetu zimejaa majina ya zana. Tunayo keekee, tezo, patasi, randa, jiliwa, fuawe, tindo. Mwanafunzi huyakariri kwa ajili ya mtihani, ilhali akiiona keekee mkononi mwa fundi wa majahazi Lamu, na ule uta wake unaozungusha msumari wa kutobolea, hataitambua. Kosa si lake pekee. Fasili ya kifaa inapoanza kwa maneno aina ya na kuishia kwa kinachotumiwa na seremala, hatujaambiwa umbo wala mwendo. Fasili ya kifaa ingestahili kuwa na mambo matatu: kimeundwa kwa nini, kinakwendaje, na kinaacha nini baada ya kazi.

Je, chombo chetu tukiiteje? Tunacho tayari kitana, na chanuo ni ndugu yake: tana na chana ni kitenzi kimoja, chenye t kwa Wamvita na ch kwa Waunguja, kama ilivyo katika mtele na mchele. Mtu angetamani kusema kitana cha kitani, jina tamu linalofaa kuwachanganya watahiniwa. Lina hitilafu mbili. Kwanza linaweza kumaanisha kile cha mwisho cha kusafishia nyuzi. Pili linampumbaza msikilizaji adhani ki- ya kitani ni kiambishi cha ngeli, ilhali ni sehemu ya shina la Kiarabu, kama ilivyokuwa katika kitabu kabla hatujakizalisha vitabu. (Katani, tunayoihusisha na mkonge, yaelekea ni matamshi mengine ya neno lilo hilo. Zao lenyewe halikulimwa pwani, kwa hiyo jina lilikuwa huru kutafuta ajira kwingine. Kitani kikabaki cha nguo na cha Biblia, mle ambamo Rahabu aliwaficha wapelelezi darini chini ya mabua yake.)

Naonelea tukitazame kitenzi. Kinachofanywa na kifaa hiki ni kupukusa, neno ambalo mkulima wa Kaplong hulitumia kila msimu kwa mahindi. Kiswahili kina desturi ya kuunda jina la zana kwa ki- na irabu ya mwisho o: fagia hutoa kifagio, zibua hutoa kizibuo, bania hutoa kibanio, noa hutoa kinoo. Kwa mantiki hiyo pukusia hutupa kipukusio. Nalipendekeza kwa wanaleksikografia, pamoja na fasili hii:

kipukusio nm ki-/vi- chombo cha safu moja ya meno marefu ya chuma, kilichofungwa juu ya ubao, ambacho watu wawili walioketi wakitazamana hupitisha kwa zamu mabua ya kitani, mabua yakapita na vitumba vya mbegu vikaanguka chini.